Povu la alumini kati ya mabamba mawili: jinsi kitu chepesi kinavyomeza kishindo

Barabara kuu inayotoka Segera kwenda Mombo, Same na Moshi inapita Korogwe, na mchana kutwa mabasi, malori, Noah na bodaboda hugawana lami hiyohiyo. Vijiweni Old Korogwe, ubishi wa gari gani ni gumu haukosi wachangiaji. Wapo wanaoapa kwamba magari ya zamani yenye bampa zito la chuma ndiyo yalikuwa magari, na kwamba haya ya siku hizi ni makopo tu, yakiguswa yanabonyea.

Leo tunaeleza kitu ambacho kimetengenezwa makusudi ili kibonyee. Ni paneli ya tabaka tatu: bamba jembamba la chuma au alumini juu, bamba jingine kama hilo chini, na katikati povu la alumini lililoganda, limejaa vyumba vidogo vya hewa kama mkate. Mafundi huiita sandwichi. Hutaipata duka la vifaa vya ujenzi Manundu, wala bei yake si ya mtu wa kawaida. Lakini kanuni inayoiwezesha kuzuia kishindo ndiyo hiyohiyo iliyomo ndani ya helmeti ya bodaboda, na ndani ya mfupa wa kichwa chako. Mwenye bodaboda anayeielewa kanuni hii ataitazama helmeti yake kwa jicho jingine.

Tabaka tatu zilikuwepo kabla ya wahandisi

Anayeishi kati ya Mgombezi, Magunga na Hale ameuona mkonge uliozeeka ukitoa ule mlingoti mrefu katikati, wa mita tano au zaidi. Ukikauka unakuwa mwepesi ajabu, mtoto anaubeba begani. Ukiukata kwa panga unaona sababu: nje pana ganda gumu lenye nyuzi, ndani pana nyama nyepesi kama sifongo. Ganda peke yake lingejikunja kama karatasi, na ile nyama peke yake ingemeguka mkononi. Vikiwa pamoja, mlingoti unasimama na kuyumba na upepo bila kuvunjika.

Fuvu la kichwa nalo limejengwa hivyohivyo. Lina tabaka mbili za mfupa mgumu, ya nje na ya ndani, na kati yake mfupa wenye vishimo vishimo.

Kisha kuna furungu, ambalo wengine huliita balungi. Upande wa Muheza, ambako michungwa ni mingi, halihitaji utambulisho. Ni tunda zito, hufika kilo moja na zaidi, na huning'inia juu ya mti mrefu. Chungwa bivu likianguka kutoka juu hupasuka kirahisi, lakini furungu linaweza kuanguka kutoka mita kumi hivi likabaki zima. Kinga yake ni ile nyama nyeupe nene kati ya ganda na tunda, ambayo watoto huitupa kwa sababu haina utamu. Watafiti wa Freiburg na Aachen huko Ujerumani walilichunguza ganda hilo kwa makini, wakitafuta namna ya kutengeneza mapovu ya metali yanayomeza kishindo vizuri zaidi.

Kishindo kinapimwa kwa nafasi ya kusimamia

Hapa ndipo ubishi wa vijiweni unapopotea njia. Kitu chochote kinachokwenda kina nishati, na kikisimama nishati hiyo lazima iende mahali. Kinachoua ni kusimama ghafla mno, ndani ya nafasi ndogo mno.

Tuchukue kichwa cha mtu mzima, ambacho kina uzito wa kilo 5 hivi, kikigonga kitu kigumu kwa mwendo wa kilomita 27 kwa saa. Huo ni mwendo mdogo, hata baiskeli ikiteremka mlima huufikia. Kama kichwa kitasimama ndani ya milimita 3 tu, kwa sababu kimegonga lami na lami haibonyei, nguvu inayokikandamiza ni sawa na kuwekewa mzigo wa karibu tani 5. Kama kitasimama ndani ya sentimita 2 na nusu, kwa sababu katikati pana kitu kilichobonyea taratibu, nguvu inashuka hadi chini ya kilo 600. Kichwa ni kilekile na mwendo ni uleule. Kilichobadilika ni sentimita mbili na kidogo za nafasi ya kusimamia.

Mwendo nao una hesabu yake, na hesabu hiyo haina huruma. Ukiuongeza mara mbili, nishati haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi, urefu wa mnazi wa wastani. Kwa kilomita 80 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 25, ambayo ni paa la jengo la ghorofa nane.

Ndani ya paneli wakati wa pigo

Kwanza tuone kwa nini paneli iwe na mabamba mawili yaliyotenganishwa. Lala ubao juu ya mtaro ukiwa bapa, upite juu yake: utapinda. Usimamishe ubao huohuo kwa ubavu wake mwembamba, hautapinda kirahisi. Mbao ni ileile, ila sasa sehemu ya juu na sehemu ya chini ziko mbali. Paneli ya tabaka tatu inatumia ujanja huo. Bamba la juu linabanwa, bamba la chini linavutwa, na povu la katikati linayaweka mbali kwa uzito mdogo sana.

Uzito wenyewe ni huu. Kipande cha chuma cha sentimita 10 kila upande kina kilo 7.8. Cha alumini ngumu kina kilo 2.7. Cha povu la alumini mara nyingi kina gramu 300 hadi 600, na kama vyumba vyake vimefungwa vizuri ukikitupa mto Pangani kitaelea.

Sasa pigo linakuja. Tuseme ni nondo nene yenye ncha ya mviringo, inayodondoshwa juu ya paneli kutoka kwenye mnara wa maabara, kwa sababu ndivyo majaribio mengi yanavyofanywa.

Bamba la juu ndilo linalopokea kwanza. Kazi yake kubwa ni kulisambaza pigo, kama ubao unaowekwa chini ya jeki ya gari kwenye mchanga. Bila bamba hilo, nondo ingechimba shimo dogo kwenye povu na kupita. Likiwepo, linaingia ndani kama sahani, na eneo kubwa la povu linaitwa kazini kwa pamoja.

Kisha povu linaanza kubonyea, na hapa ndipo penye siri yote. Vyumba havivunjiki vyote kwa mara moja. Safu dhaifu kuliko zote inalala kwanza, kuta zake zinajikunja, kisha safu ya pili, kisha ya tatu. Muda wote huo povu linasukuma kwa nguvu karibu ileile, halizidishi wala halipunguzi. Ni tofauti na springi, ambayo kadiri unavyoibana ndivyo inavyokaza, na ukiiachia inakurudishia yote uliyoipa. Povu la metali halirudishi kitu. Nishati imekwisha kutumika kukunja maelfu ya kuta ndogo za alumini, na iliyobaki imekuwa joto.

Tufanye hesabu moja. Chukua povu jepesi la alumini la sentimita 10 kwa 10, unene sentimita 5. Lina uzito wa gramu 125 hivi, chini ya simu nyingi za mkononi. Povu la namna hiyo huanza kulala linaposukumwa kwa kilo 15 hivi kwa kila sentimita moja ya mraba, yaani tani moja na nusu kwa kipande kizima. Likibonyea sentimita 3, limemeza nishati ya mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioanguka kutoka karibu mita moja. Limefanya hivyo bila nguvu kupanda ghafla, na kwa aliyekaa nyuma yake hilo ndilo la maana kuliko yote.

Mwisho wake upo. Povu likishabonyea asilimia 60 hadi 70 ya unene wake, vyumba vimekwisha. Kuta zimelaliana, hewa haipo, na lililobaki ni kipande cha alumini ngumu. Toka hapo nguvu inapaa kama umegonga chuma. Kama bado kuna mwendo, bamba la juu linachanika, povu linatobolewa, na bamba la chini linabaki kuwa ngome ya mwisho.

Ubora wa paneli hujulikana zaidi kwenye maungio. Kama mabamba yamebandikwa kwa gundi, pigo likipinda paneli bamba linaweza kubanduka, na paneli iliyobanduka haina tena faida ya tabaka tatu. Kwa hiyo zipo paneli zinazotengenezwa bila gundi kabisa: povu linaumukia katikati ya mabamba na kushikamana nayo moja kwa moja.

Kuumua alumini kwa hamira yake

Mafundi wanaoyeyusha vyuma chakavu na kumimina sufuria wanajua kwamba kipovu cha hewa ndani ya alumini ni balaa. Sufuria yenye kipovu huvuja au hupasuka jikoni. Watengenezaji wa povu la metali wanataka vipovu hivyohivyo, ila viwe vingi, vilingane na vitawanyike sawasawa.

Mmarekani Benjamin Sosnick aliomba hataza ya wazo hili mwaka 1943 na kuipata mwaka 1948. Yeye alitaka kutumia zebaki ndani ya alumini ya moto, ili mvuke wa zebaki uiumue. Kwa kuwa zebaki ni sumu, ni afadhali njia hiyo haikuenea. Katika miaka ya 1950 wengine walikuja na njia iliyo karibu na jiko la mama lishe. Unga wa titani uliobeba haidrojeni unachanganywa kwenye alumini. Ukipata joto unaachia gesi, na alumini inaumuka kama unga wa maandazi uliotiwa hamira. Kisha inapozwa haraka kabla vipovu havijatoroka.

Wajapani wa kampuni ya Shinko Wire walianza kuliuza povu la alumini kwa jina la Alporas katika miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990, taasisi ya Fraunhofer ya Bremen, Ujerumani, ilibuni njia ya kushindilia unga wa alumini pamoja na ile hamira, kuubandika kati ya mabamba mawili, kisha kuupasha moto ili uumuke ukiwa tayari ndani ya sandwichi yake.

Tahadhari kwa mafundi wabunifu, maana tunawajua: msijaribu hili kwenye tanuri la uani. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660. Tone la maji likinaswa chini ya alumini ya moto hulipuka na kuirusha usoni, na haidrojeni ni gesi inayowaka.

Inakotumika

Watengenezaji wa magari waliipokea kwa tahadhari, kwa sababu bei ni kubwa na mapovu ya kila mzigo hayafanani kabisa. Audi walitumia kipande kidogo cha povu la alumini ndani ya gari lao la Q7, kwenye kizuizi cha mizigo nyuma ya viti, ili mzigo ukirushwa mbele wakati wa ajali usiwafikie abiria kwa nguvu yote. Tramu za Siemens aina ya Combino ziliwekewa vipande vya povu mbele kwa ajili ya migongano midogo ya mjini. Watafiti wa Fraunhofer wa mji wa Chemnitz walitengeneza mfano wa pua ya treni ya kasi kwa paneli za povu la alumini, ikiwa nyepesi kuliko ile ya kawaida. Ukiwaza treni ya kasi inavyogonga ng'ombe au tawi la mti, unaona kwa nini pua hiyo inataka kuwa na kitu cha kubonyea.

Upande wa kivita nao haukubaki nyuma. Profesa Afsaneh Rabiei wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, alitengeneza povu la aina nyingine, lenye vigololi vya chuma vilivyo tupu ndani, vilivyozungukwa na metali. Mwaka 2016 video ya majaribio yake ilisambaa duniani: risasi ya kutoboa vyuma ilipigwa kwenye paneli isiyozidi sentimita 2 na nusu, ikasagika. Mbele ya paneli palikuwa na kauri ngumu ya kuivunja risasi, na nyuma yake povu la kumeza nishati. Hata hapo, hakuna tabaka lililofanya kazi peke yake.

Mahali inaposhindwa

Kitu chenye ncha kali ni adui wake. Mkuki au kona ya chuma hauhitaji eneo kubwa, hutoboa bamba jembamba kabla povu halijaitwa kazini. Pigo la pembeni kabisa mwa paneli nalo ni baya, kwa sababu povu la ukingoni halina majirani wa kulisaidia. Pia hakuna mara ya pili. Mahali palipobonyea pamekwisha, na bamba la nje likinyooshwa na kupigwa rangi huwezi kujua kwamba ndani mna majivuno matupu.

Kuna mwendo ambao hakuna povu linaloumudu. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, Magila Gereza, wilayani Korogwe, lori aina ya Fuso liligongana na Coaster iliyokuwa imebeba wafiwa na mwili wa marehemu, wakitoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro kuzika. Taarifa za kwanza zilitaja vifo 17, na majeruhi wengine walifariki baadaye wakafikia 20. Magari mawili yanapokutana uso kwa uso, nishati za miendo yote miwili zinataka kuisha mahali pamoja. Coaster haina pua ndefu. Kati ya kioo cha mbele na magoti ya dereva nafasi ya kubonyea ni ndogo sana.

Linganisha na hesabu yetu ya mfuko wa saruji. Basi la tani 15 kwa kilomita 80 kwa saa lina nishati ambayo ingehitaji vile vipande vya povu zaidi ya 8,000, vyote vibonyezwe kikamilifu. Basi hilohilo kwa kilomita 40 kwa saa lingehitaji robo yake. Hakuna bampa, la povu wala la chuma, linalopunguza robo tatu ya kishindo, lakini mguu wa dereva kwenye breki unaweza.

Sandwichi iliyopo Old Korogwe tayari: helmeti

Tuje kwenye kitu kilichoning'inia kwenye kioo cha pikipiki sasa hivi. Helmeti, au elementi kama wengi tunavyotamka, ina ganda gumu nje, povu gumu jeupe au jeusi katikati, na sifongo laini na kitambaa ndani. Povu lile la katikati ni ndugu wa lile linalofungashia televisheni mpya, ila limeshindiliwa zaidi. Ganda linasambaza pigo na kuzuia kokoto lenye ncha. Povu linalala taratibu na kumpa ubongo zile sentimita mbili na kidogo za kusimamia. Upande wa pili wa sandwichi ni fuvu lako.

Chini ya kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, helmeti za pikipiki zilijaribiwa kwa miaka mingi kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa. Hii haina maana kwamba pikipiki ikienda 60 helmeti ni bure. Mtu anayeanguka mara nyingi huteleza na lami, na kichwa hupiga chini kwa mwendo wa kuanguka, ambao ni mdogo kuliko wa pikipiki. Ndiyo maana mapitio ya tafiti nyingi, yaliyochapishwa mwaka 2008 na mtandao wa Cochrane, yalikuta kwamba helmeti inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Kwa mtu wa Kwamndolwa au wa Handeni hesabu hiyo ina uzito wa pekee, maana upasuaji wa ubongo haufanyiki kila hospitali. Taasisi ya MOI iko Muhimbili, karibu kilomita 300 kutoka Korogwe, na ubongo unaovimba hausubiri.

Sasa, kwa kuwa kinachookoa ni povu na si ganda, angalia povu. Ingiza kidole gumba ndani, chini ya kitambaa, ubonyeze. Ukikuta sifongo laini tu linalozama hadi kwenye plastiki, huo ni mtungi wa kuvaa kichwani. Zipo helmeti nyingi za namna hiyo sokoni, zinang'aa na zina bei nafuu, na trafiki akikusimamisha atakuruhusu upite, ila lami haitakuruhusu. Tafuta alama ya herufi E ndani ya duara yenye namba pembeni, au alama ya ubora ya TBS. Alama huweza kughushiwa, kwa hiyo kidole gumba bado kina kazi.

Wapo wanaolichonga povu kwa kisu ili helmeti ipite kwenye rasta au isibane. Wapo wanaoling'oa lote kwa sababu ya joto. Wote wawili wamebaki na bamba la juu la paneli, bila kitu cha katikati. Ni kama fundi aliyejenga sandwichi akasahau nyama.

Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni petroli. Povu lile jeupe linayeyuka likiguswa na petroli au tina ya rangi. Anayefunga chupa ya petroli ndani ya helmeti ili isianguke njiani, au anayeipulizia rangi mpya kwa ndani, anaweza kuwa amelila povu lake bila kuona, kwa sababu kitambaa kinafunika. Fungua kitambaa utazame. Ukikuta shimo lililojikunja kama karatasi iliyopata moto, helmeti hiyo imemaliza kazi.

Na imemaliza kazi pia kama iliwahi kuanguka na mtu ikiwa kichwani, hata kama nje ina mikwaruzo mitatu tu. Povu lililolala halirudi. Hili ndilo gumu kulikubali, kwa sababu helmeti ni fedha na macho yanasema bado nzima. Anayekuuzia helmeti ya mtumba hakwambii ilikoanguka. Mkanda wa kidevuni nao usiachwe ukipepea: bila mkanda, helmeti inatoka kichwani kabla ya pigo la pili, na ajali nyingi za pikipiki huwa na pigo la pili.

Abiria naye ana kichwa cha kilo 5. Helmeti moja inayopita vichwa ishirini kwa siku inachukiza, hilo tunalielewa, hasa kwa dada aliyetoka saluni. Kitambaa chepesi au kofia ya plastiki ya saluni chini yake haipunguzi kinga, mradi mkanda unafungwa.

Kuhusu bampa la mabomba

Bampa la kiwandani la gari la kisasa mara nyingi ni tabaka tatu pia: plastiki nje, povu au kisanduku chepesi katikati, boriti ya chuma ndani. Baada ya ajali ndogo, fundi akirudisha plastiki na kuacha povu nje, gari linapendeza na bampa ni tupu. Muulize kabla hujalipa, umwambie akuonyeshe kilichomo ndani.

Na wale wanaochomelea mabomba mazito mbele ya gari ili "lisibonyee" wanapata walichotaka: halibonyei. Kwa hiyo nishati inapita kwenye bomba, inaingia kwenye chesi, inafika kwenye kiti na kwenye shingo ya dereva. Mtembea kwa miguu anayegongwa na bomba hilo hapati hata ule unafuu mdogo wa boneti inayobonyea. Bomba linafaa kuzuia matawi porini na mbuzi anayekatiza kwa mwendo mdogo. Kwenye lami ya Segera–Mombo, kwa kilomita 80 kwa saa, gari linalobaki zima baada ya kugonga limeuhamishia mwili wa binadamu kazi ya kubonyea.